Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa Toledo



Kwenye mkutano wetu wa mwisho mama mmoja wa likelemba alisimama akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Alisomea ushonaji kambini, akapata cheti, akarudi nacho kimefungwa kwenye plastiki juu ya mvua. Hapa, kila mahali anapokionyesha wanakisoma, wanasema ni kizuri, kisha kazi inaenda kwa mwingine. Hakuna mtu aliyemwambia hapana. Hakuna karatasi iliyoandikwa kwamba waliorudi hawatakiwi. Sasa, aliuliza, atamshitaki nani?

Miye si avoka. Lakini nikiwa nyuma ya pikipiki narudi nyumbani, nilikumbuka mtu mmoja niliyesoma habari zake nikiwa iniversite. Na sababu ukurasa huu ni wa maisha ya watu, njo huyo ninawaletea leo. Hakuwa mwanasiasa wala mtakatifu. Alikuwa mchezaji wa besiboli.

Moses Fleetwood Walker alizaliwa tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka 1856, Mount Pleasant, katika jimbo la Ohio, Marekani. Kwa ile miaka utumwa ulikuwa bado haujaisha kule, lakini Ohio ilikuwa jimbo lisilo na utumwa, na mji wake ulikuwa na waumini wengi wa kanisa la Marafiki, lile ambalo wengine wetu tunalijua hata huku Kivu ya Kusini. Watu wa Mount Pleasant walikuwa wanaficha watumwa waliotoroka na kuwasindikiza kwenda kaskazini. Kwa hiyo Walker alizaliwa mahali ambapo kupokea mkimbizi ilikuwa kazi ya kila siku, nayo ilikuwa ya hatari.

Baba yake alikuwa daktari, mmoja wa Weusi wa kwanza kufanya kazi hiyo Ohio, kisha akawa mchungaji wa kanisa la Methodisti. Jamaa ikahamia Steubenville, mji ulio kando ya mto Ohio. Huko alizaliwa mdogo wake Weldy mwaka 1860. Wakumbukeni hawa ndugu wawili, juu tutawakuta pamoja tena.

Mwaka 1878 Fleet (hivyo njo walivyomwita) aliingia chuo cha Oberlin. Chuo hicho kilikuwa kinapokea wanafunzi Weusi tangu mwaka 1835, wakati sehemu nyingine za nchi ile ilikuwa kosa la sheria kumfundisha mtumwa kusoma. Mwanzoni alisoma vizuri sana. Kisha mupira ukamkamata. Masomo yakaanza kushuka, akawa anakosa darasani, na wazazi wenye watoto wa umri ule wanajua namna mambo hayo yanavyoendelea.

Hapa lazima nieleze kidogo huo mchezo, juu huku kwetu tunajua mupira wa miguu tu. Kwenye besiboli kila ekipe ina watu 9. Mmoja ni mrushaji: anarusha mpira mdogo, mgumu sawa na jiwe, kwa nguvu zake zote. Wa ekipe ya pili anasimama na gongo anajaribu kuupiga. Nyuma ya huyo mwenye gongo, amechuchumaa, yuko mdakaji. Kila mpira ambao haukupigwa, yeye njo anaudaka. Mwingine unagusa gongo kidogo tu, unageuka njia, unamfikia usoni au kifuani mbele hajajua uko wapi. Kwa ile wakati mrushaji alisimama karibu mita 15 tu. Siku hizi mdakaji anavaa kinga kama askari: kofia, kifua, miguu, na glovu kubwa nene. Wakati wa Walker kinga zilikuwa chache sana. Mara nyingi alidaka kwa mikono mitupu, au na glovu nyembamba za ngozi. Vidole vya wadakaji wa zamani vilikuwa vimepinda kila mmoja upande wake. Ekipe ilihitaji wadakaji wawili au watatu, sababu mmoja hawezi kucheza kila siku na mikono iliyovimba.

Kazi ile haikupewa mtu juu ya huruma. Mdakaji mzuri alikuwa mali.

Mwaka 1881 Oberlin ilifanya ekipe yake ya kwanza ya kushindana na vyuo vingine, na Fleet na Weldy wote wawili walikuwemo. Walipocheza na chuo cha Michigan waliwashinda 9 kwa 2. Watu wa Michigan hawakukasirika; walifanya la akili, wakamwita Walker aje kwao. Akaenda, akasomea sheria, na mwaka 1882 akawachezea. Mwaka ule ule akamuoa Arabella Taylor, ambaye walikuwa wamejuana Oberlin.

Lakini mbele ya hapo, katika likizo ya mwaka 1881, kulitokea jambo moja ambalo nataka tukae juu yake. Walker alikuwa amechukuliwa na ekipe ya Cleveland iliyolipiwa na kampuni ya kutengeneza cherehani. Mwezi wa nane wakasafiri kwenda Louisville, jimbo la Kentucky, ng'ambo ya mto, mahali ambapo utumwa ulikuwa umeisha miaka 16 tu. Asubuhi hoteli ikakataa kumpa chakula pamoja na wenzake. Nyuma ya saa sita, kwenye kiwanja, wachezaji wa Louisville wakasema hawatacheza kama yeye anacheza. Wakubwa wa Cleveland wakakubali, wakamuweka pembeni.

Mwingine akachukua nafasi yake ya kudaka. Raundi moja tu, mikono ikaharibika, akasema hawezi tena. Sasa ona: watu waliokuja kutazama, wengi wao Wazungu wa Louisville, wakaanza kumwita Walker. Walikuwa wamelipa franga zao, walitaka kuona mchezo. Kiongozi mmoja wa ekipe ya Louisville mwenyewe akamwomba aingie. Walker alisita. Mwishoni akaingia uwanjani, akarusha na kudaka mipira michache ya kujinyoosha, na watu wakapiga makofi. Ndipo wachezaji wawili wa Louisville wakatoka kiwanjani kwenda zao. Walker akarudishwa kukaa. Mchezaji mwingine wa Cleveland, ambaye hakuwa mdakaji, akajitolea kudaka, na Cleveland ikashindwa.

Mara nyingi tunasema raia wa pale hawatutaki. Miye nafanya kazi ya mashinani mwaka wa nane sasa, na nimeona kwamba si hivyo kila mara. Siku ile kiwanja karibu kizima kilimtaka Walker. Watu wawili walitosha kumtoa, juu hakuna aliyekuwa tayari kuwaambia wale wawili waende kabisa.

Mwaka 1883 ekipe ya Toledo, pale Ohio, ilimpa mkataba. Kazi ya kulipwa, msimu mzima. Ligi yao iliitwa Northwestern. Mbele hata msimu haujaanza, mwezi wa tatu, wajumbe wa ligi wakakutana, na mjumbe wa mji wa Peoria akaleta pendekezo kwamba mtu Mweusi asikubaliwe kucheza. Hakutaja jina, lakini kila mtu ndani ya ile chumba alijua ni mtu mmoja tu anayesemwa. Kukawa mabishano makali. Toledo ikasimama kwa ajili ya mtu wake, na pendekezo likawekwa kando. Kwa karatasi, Walker alikuwa ameshinda. Akacheza michezo 60 kati ya 84, na Toledo ikachukua kombe.

Tarehe 10 mwezi wa nane mwaka ule, ekipe ya Chicago ikafika Toledo kwa mchezo wa kirafiki. Chicago ilikuwa kubwa, na kapiteni wake, Cap Anson, njo alikuwa jina kubwa kushinda yote katika besiboli. Wakatuma habari kwamba hawatacheza na Mweusi. Charlie Morton, aliyeongoza Toledo, kumbe siku ile hakuwa na mpango wa kumchezesha Walker, juu mkono ulikuwa unamuuma na alihitaji kupumzika. Aliposikia maneno ya Chicago akabadilisha mawazo: akamuweka Walker kiwanjani, si kwenye kudaka ila upande wa kulia, mahali pa kazi nyepesi. Akamweleza Anson kwamba kama hachezi, hapati sehemu yake ya pesa za mlangoni. Anson alitukana mingi. Kisha akacheza.

Ningependa kumaliza hapa. Tungesema Morton alikuwa mwanaume, pesa zilimshinda mkaidi, na tungeenda kulala. Lakini Anson hakusahau, na alikuwa na nafasi ya kungoja.

Mwaka 1884 Toledo ikapandishwa, ikaingia American Association, mojawapo ya ligi kubwa za nchi. Kwa hiyo tarehe 1 mwezi wa tano mwaka 1884 Walker akawa Mweusi wa kwanza aliyecheza wazi wazi katika ligi kubwa ya besiboli ya Marekani. Nasema wazi wazi, sababu wachunguzi wameonyesha kwamba mwaka 1879 William Edward White, ambaye mama yake alikuwa mtumwa, alicheza mchezo mmoja Providence. Ila yeye aliishi akihesabiwa Mzungu. Walker hakujificha.

Na mchezo huo wa kwanza ulikuwa wapi? Louisville. Mji ule ule, ekipe ile ile ya mwaka 1881. Walker alicheza vibaya. Hakupiga mpira hata mmoja wa kuhesabika, na katika kudaka alifanya makosa manne. Toledo ikapigwa 5 kwa 1. Watu wanaoandika maisha ya mashujaa mara nyingi wanaruka siku kama hiyo. Miye naiacha hapa, juu nani kati yetu hajarudi mahali alipofukuzwa, na mikono ikamtetemeka?

Kisha akatulia. Mpaka mwisho wa mwaka alicheza michezo 42, akapiga vizuri mara 40 katika nafasi 152. Ukigawa unapata 263 kwa 1000, na ekipe nzima ilikuwa na 231. Maana yake, hakuwa pale kwa kubebwa. Na aliyapata hayo huku akidaka mipira ya mtu ambaye hakutaka kuzungumza naye.

Huyo alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Ireland, mrushaji mwenye nguvu sana. Toledo ilishinda mara 46 mwaka ule, na mara 36 ni Mullane aliyekuwa anarusha. Kwa kawaida mdakaji njo anampa mrushaji ishara kwa vidole: rusha wa moja kwa moja, rusha wa kupinda. Hivyo anajua nini kinakuja. Miaka mingi nyuma ya pale, mwaka 1919, Mullane akiwa mzee alieleza mwenyewe kwamba alikuwa anawachukia Weusi, kwa hiyo hakufuata ishara za Walker. Alirusha alichotaka bila kumwambia. Siku moja Walker akamfuata, akamweleza kwamba kuanzia sasa atadaka chochote, lakini hatatoa ishara tena. Na msimu wote uliobaki akadaka bila kujua nini kinakuja. Mullane huyo huyo akakiri kwamba katika wadakaji wote aliofanya nao kazi, Walker njo alikuwa bora kuliko wengine.

Wasomaji, fikirini mikono ya yule mtu. Mpira sawa na jiwe, mita 15, glovu ya kitoto au hakuna, na anayerusha ni mwenzako wa ekipe. Mwezi wa saba mpira mmoja ulimvunja ubavu. Sisemi Mullane alitaka kumuumiza. Hakuna anayejua hilo. Nasema tu kwamba ukificha habari kwa mtu anayefanya kazi na wewe, mwili wake njo unalipa.

Mwezi huo huo wa saba ekipe ilikuwa na watu wengi wa kuumia, wakamwita Weldy. Akacheza michezo 5. Ndugu wawili waliokuwa wametoka Steubenville wakawa pamoja katika ligi kubwa, kwa wiki chache.

Mwezi wa tisa Morton akapata barua kutoka Richmond, jimbo la Virginia, mahali ambapo Toledo ilikuwa inaenda kucheza. Ilisema kwamba watu 75 wameapa kumshambulia Walker akionekana kiwanjani na nguo za mchezo, na damu itamwagika. Majina yaliyotiwa chini, walipotafutwa Richmond, hawakupatikana. Lakini ubavu ulikuwa umekwisha kufanya kazi ya wale 75. Walker hakuweza tena kucheza sawa, na mbele ekipe haijafika Richmond alikuwa ameachishwa. Toledo nayo ilivunjika mwisho wa mwaka, kwa kukosa pesa.

Yaliyofuata nitayasema mbio. Alifanya kazi ya posta wakati wa baridi, akacheza Cleveland, kisha Waterbury. Mwaka 1887 alikuwa Newark, katika ligi ya International, ngazi moja chini ya zile kubwa. Huko alidaka mipira ya George Stovey, Mweusi mwenzake, mrushaji aliyeshinda zaidi ya mara 30 msimu ule. Hatimaye alikuwa na mtu wa kumsomea ishara. Tarehe 14 mwezi wa saba mwaka 1887 Chicago ilifika Newark kwa mchezo wa kirafiki. Ilikuwa ekipe ya Anson ile ile. Mara hii hapakuwa Morton. Stovey hakucheza; wakatangaza kwamba anaumwa. Na siku ile ile, katika mji wa Buffalo, wenye ekipe za ligi walikutana wakapiga kura, 6 kwa 4, kwamba mikataba mipya na wachezaji Weusi isitiwe tena sahihi.

Angalieni namna ilivyofanywa. Hawakufukuza mtu. Waliokuwa na mkataba walibaki nao. Walifunga mlango nyuma yao tu, wangoje mmoja mmoja achoke. Na katika ligi kubwa hata kura haikupigwa: hakuna kanuni iliyoandikwa mahali popote kwamba Mweusi haruhusiwi. Walielewana kwa midomo, na kwa kunyamaza. Ungeuliza, wangekwambia mlango uko wazi, ila hatujampata wa kufaa.

Weldy hakunyamaza. Mwaka 1888 aliandikia barua kiongozi wa ligi nyingine ndogo iliyokuwa imekataa Weusi, na gazeti la michezo likaichapa. Hoja yake ilikuwa kwamba kama wanamzuia mtu, sababu iwe ni uwezo wake au mwenendo wake au akili yake, si rangi. Barua nzuri sana. Haikubadilisha kitu.

Fleet alicheza Syracuse hadi mwezi wa nane mwaka 1889, akaachishwa. Alikuwa Mweusi wa mwisho katika ligi ile mpaka Jackie Robinson alipofika Montreal mwaka 1946. Ni miaka 57. Mwaka 1947 Robinson akaingia Brooklyn, na watu wengi mpaka leo wanafikiri yeye njo wa kwanza kabisa.

Siwezi kuficha sehemu mbaya, juu wafadhili na wanachama wote wanajua maisha ya watu wetu hayaendi kwa mstari. Mwaka 1891, Syracuse, kundi la Wazungu lilimzonga njiani. Alikuwa amekunywa, akatoa kisu, mtu mmoja akafa. Akashitakiwa kwa kuua, na baraza la Wazungu watupu likamuona hana hatia; watu mahakamani wakashangilia. Mwaka 1898 alifungwa mwaka mmoja kwa kuiba barua za posta zenye pesa. Kando ya hayo alivumbua aina ya kombora la mizinga akapata hati yake, akaendesha jumba la maonyesho na sinema katika mji wa Cadiz, Ohio, na pamoja na Weldy wakatoa gazeti.

Na mwaka 1908 akaandika kitabu kidogo, *Our Home Colony*. Mtoto wa Oberlin, aliyelelewa kati ya watu waliosema wote ni sawa, alifika mahali pa kusema kwamba Weusi hawatapata nafasi Marekani hata siku moja, dawa ni moja tu, kurudi Afrika. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa kijana, kilinikasirisha. Nikaona amekata tamaa. Sasa nikikisoma naona mtu anayepiga hesabu ya mikono yake. Hata hivyo mwenyewe hakurudi. Alibaki Ohio mpaka alipofariki Cleveland, tarehe 11 mwezi wa tano mwaka 1924. Sisi tuliorudi tunajua kwamba kuandika juu ya kurudi na kufunga mizigo ni vitu viwili, wala simcheki kwa hilo.

Alizikwa Steubenville, na kaburi lilikaa zaidi ya miaka 60 bila jiwe, mpaka watu wa Oberlin walipokuja kumuwekea.

Kuhusu yule mama wa cheti: kamati imekubali kukusanya majina ya wote wenye vyeti vya kambini na mahali walipopeleka maombi, pamoja na tarehe na jibu walilopewa, hata kama jibu lilikuwa la mdomo tu. Leteni kopi mbili ofisini kwetu, siku ya Jumanne au Alhamisi, mbele ya saa sita. Cheti chenyewe mubaki nacho.